Namba moja kubwa, njia nyingi: ipi itakupa vigawo vyake?

Mwaka 1874 mwanamantiki na mwanauchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, alichapisha namba 8,616,460,799 na kuwauliza wasomaji wake ni namba gani mbili zilizozidishwa zikaizaa. Aliona hakuna uwezekano mkubwa kwamba mtu mwingine zaidi yake angekuja kuzijua. Vigawo vyake ni 89,681 na 96,079. Ukichagua njia inayofaa unavipata kwa kalamu na karatasi, na hapa chini nitaonyesha jinsi. Ukichagua njia isiyofaa, utagawanya mara elfu nane na zaidi kabla hujaona chochote.

Ninazilinganisha njia nne za kutafuta vigawo kwa sababu naona watu wengi wakiambiwa njia moja tu, ile ya shuleni, kisha wakiona namba ndefu wanakata tamaa au wanaichukulia kuwa tasa. Urefu wa namba ni jambo moja kati ya mengi, na mara nyingi silo lenye uzito kuliko yote. La kuangalia ni namba hiyo imejengwaje ndani.

Nitatumia namba tatu. Ya kwanza ni hiyo ya Jevons. Ya pili ni 4,294,967,297, yaani 2³² + 1, ambayo Pierre de Fermat aliamini ni tasa na Leonhard Euler akaivunja mwaka 1732: ni 641 × 6,700,417. Ya tatu ni ndefu zaidi, tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2⁶⁷ − 1. Nitaziita namba ya Jevons, namba ya Fermat na namba ya Mersenne.

Kwanza jiulize unatafuta nini

Maswali mawili huchanganywa kila siku: "Je, hii ni tasa?" na "Vigawo vyake ni vipi?" Ni maswali tofauti, na la kwanza ni rahisi kuliko la pili kwa kiasi kikubwa sana.

Namba ya Mersenne ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote. Marin Mersenne aliitaja mwaka 1644 katika orodha yake kuwa ni tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakuweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Miaka 27 ilipita watu wakijua kwamba namba hiyo inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa nini. Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole alionyesha jibu: 193,707,721 × 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni, akakokotoa upande mmoja 2⁶⁷ − 1, upande wa pili akazidisha namba zake mbili, majibu yakalingana, naye akarudi kuketi bila kusema neno.

Kwa hiyo ukitaka kujua tu kama namba yako ni tasa, usihangaike kutafuta vigawo. Ruka hadi sehemu ya vipimo vya utasa. Ukitaka sifa nyingine, kwa kawaida utahitaji vigawo tasa, kwa sababu ndivyo vinavyobeba karibu kila kitu. Kwa namba ya Jevons, ukishajua 89,681 na 96,079, mengine yanafuata yenyewe: ina vigawo vinne, jumla yake ni 8,616,646,560, na namba zilizo ndogo kuliko yenyewe ambazo hazishirikiani nayo kigawo chochote isipokuwa 1 ni 8,616,275,040.

Angalia hiyo ya mwisho vizuri. Mtu akikupa namba ya Jevons pamoja na 8,616,275,040, unaweza kurudi nyuma: ongeza 1 kwenye namba ya Jevons, toa ile aliyokupa, utabaki na 185,760, ambayo ni jumla ya vigawo viwili vinavyotafutwa. Jumla unayo, zao unalo. Mlinganyo wa kipeo cha pili unamaliza kazi. Ndiyo maana katika usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe inayotegemea ugumu wa kutafuta vigawo vya namba kubwa, namba ya namna hiyo hufichwa kwa uangalifu uleule unaotumika kuficha vigawo vyenyewe.

Dakika ya kwanza haina gharama

Kabla ya njia yoyote nzito, pitia vigawo vidogo. Tarakimu ya mwisho inakuonyesha 2 na 5. Jumla ya tarakimu inakuonyesha 3 na 9. Kwa 7, 11 na 13 kuna ufundi ambao ningependa kila mwanafunzi aujue: kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, gawa namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu. Namba ya Jevons inatoa 799 − 460 + 616 − 8 = 947. Kama 947 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, basi namba nzima haigawanyiki pia. Na kweli 947 haigawanyiki. Umefuta wagombea watatu kwa hesabu moja ya kutoa.

Namba zetu zote tatu zinapita hapo bila kutikisika. Kazi halisi inaanza sasa.

Kugawa kwa majaribio

Hii ndiyo njia ya shuleni: gawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea na namba tasa hadi ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba yako. Usipopata kigawo hadi hapo, namba ni tasa.

Sifa yake kubwa ni uaminifu. Haikosei, haihitaji bahati, na inapomaliza inakupa majibu ya maswali yote mawili. Inaanza na vigawo vidogo, kwa hiyo inang'aa pale kigawo kimoja kinapokuwa kidogo. Namba ya Fermat ina kigawo 641, ambacho ni namba tasa ya 116. Baada ya kugawanya mara 116 umemaliza. Kwa namba ya Jevons unapaswa kupita namba tasa zaidi ya 8,600. Kwa namba ya Mersenne, zaidi ya milioni 10.

Kuna namna ya kuinoa njia hii ambayo husahaulika, nayo ni kutumia umbo la namba. Euler hakugawanya kwa kila namba tasa. Alionyesha kwamba kigawo tasa cha 2³² + 1 lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1. Kwa hiyo wagombea ni 65, 129, 193, 257 na kuendelea kwa kuongeza 64, na ukiacha wasio tasa, 641 ni wa tano tu. Majaribio 116 yamekuwa matano. Namba ya Mersenne nayo: kila kigawo chake tasa kikigawanywa kwa 134 hubakiza 1, na wagombea wanaopungua hivyo hawafiki milioni moja na nusu kabla ya 193,707,721. Bado ni wengi kwa kalamu, lakini kwa kompyuta ni kufumba na kufumbua.

Ichague njia hii kama namba yako ina tarakimu 12 au pungufu na unayo kompyuta. Namba tasa zilizo chini ya milioni ni 78,498 tu, na mashine inazipita zote kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Tofauti ya miraba

Njia hii pia ni ya Fermat, na ndiyo niipendayo kuliko zote kwa kazi ya mkono. Wazo lake: kama unaweza kuandika namba yako N kuwa a² − b², basi umeshaivunja, kwa sababu a² − b² = (a − b)(a + b). Unaanza na a iliyo juu kidogo ya kipeuo cha pili cha N, unapiga a² − N, unaangalia kama jibu ni namba mraba. Kama sivyo, ongeza a kwa 1.

Kipeuo cha pili cha namba ya Jevons kiko chini kidogo ya 92,825. Ukianza hapo na kupanda moja moja, utafika kwenye a sahihi katika jaribio la 56. Linganisha na majaribio 8,600.

Lakini hata 56 ni mengi mno, na hapa ndipo mabaki yanapofanya kazi ya ajabu. Namba ya Jevons ikigawanywa kwa 8 inabaki 7. Namba mraba ikigawanywa kwa 8 hubakiza 0, 1 au 4 tu. Ili a² − b² ibakize 7, lazima b² ibakize 1 na a² ibakize 0, kwa hiyo a inagawanyika kwa 4. Ikigawanywa kwa 3 namba yetu inabaki 2. Kwa hoja ileile a inagawanyika kwa 3. Basi a ni kigawe cha 12. Ikigawanywa kwa 5 inabaki 4, na hilo linalazimisha a ibakize 0, 2 au 3 kwa 5.

Sasa orodhesha vigawe vya 12 kuanzia 92,825: 92,832, 92,844, 92,856, 92,868, 92,880. Sharti la 5 linafuta wa pili na wa tatu. Wamebaki watatu.

Jaribu 92,832: mraba wake ukitoa N ni 1,319,425, ambayo iko kati ya 1,148² na 1,149². Hapana.

Jaribu 92,868: tofauti ni 8,004,625, iliyo kati ya 2,829² na 2,830². Hapana.

Jaribu 92,880: tofauti ni 10,233,601, ambayo ni 3,199² kamili. Toa na jumlisha: 92,880 − 3,199 = 89,681, na 92,880 + 3,199 = 96,079.

Majaribio matatu. Namba iliyodhaniwa ingebaki siri ya mtu mmoja. Derrick Norman Lehmer aliivunja mapema karne ya 20, na mwaka 1996 Solomon Golomb alieleza jinsi ambavyo ingeweza kuvunjwa kwa mkono hata katika zama za Jevons mwenyewe. Nikiipitia hesabu hii huwa nasikitika kidogo kwa ajili ya Jevons, ambaye hoja yake ya msingi ilikuwa sahihi kabisa: kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni kugumu. Mfano ndio uliomwangusha, kwa sababu vigawo vyake viwili vinakaribiana mno.

Na huo ndio udhaifu wa njia hii ukigeuza upande. Vigawo vikiwa mbali, inakuwa mbaya kupita kiasi. Ukiitumia bila kuchuja kwa mabaki kwenye namba ya Fermat, ambayo vigawo vyake ni 641 na 6,700,417, utahitaji majaribio 3,284,993. Namba hiyohiyo iliyokubali kwa njia ya shuleni katika hatua 116! Kwa namba ya Mersenne yangehitajika majaribio zaidi ya bilioni 368. Namba ikikataa njia moja, kwa hiyo, usiseme ni ngumu. Sema umeijia kwa mlango usio wake.

Rho ya Pollard

Mwaka 1975 Mwingereza John Pollard alitoa njia inayoonekana kama mchezo. Anza na 2. Zidisha kwa yenyewe, ongeza 1, gawa kwa N, chukua baki. Rudia na baki hilo. Unapata mfululizo unaorukaruka bila mpangilio wa kuonekana.

Sasa waweke sungura na kobe kwenye mfululizo huo. Kobe anakwenda hatua moja, sungura hatua mbili. Kila mara chukua tofauti ya namba walizosimama, kisha tafuta KKS yake na N, yaani kigawo kikubwa cha shirika. Ikitoka namba zaidi ya 1 na ndogo kuliko N, umepata kigawo.

Kwa nini inafanya kazi? Kama p ni kigawo kilichojificha, mabaki ya mfululizo kwa p yana nafasi p tu, kwa hiyo lazima yatarudia mapema. Ni hesabu ileile ya siku za kuzaliwa: watu 23 wakikusanyika, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu, ingawa mwaka una siku 365. Marudio hutokea baada ya hatua zinazokaribia kipeuo cha pili cha p, wala si p yenyewe.

Nimeifuata kwa mkono kwenye namba ya Fermat, nikiandika mabaki kwa 641 ili uone kilichofichika: 2, 5, 26, 36, 15, 226, 438, 186, 624, 290, 130, 235, 100, 386, 285, 460, 71, 555, 346, 491, 66, 511, kisha 235 tena. Mkia wa hatua 11, halafu mzunguko wa hatua 11. Ukiuchora unafanana na herufi ya Kigiriki ρ, na ndiyo asili ya jina. Kobe akiwa hatua ya 11 na sungura hatua ya 22, wote wako kwenye 235, na KKS inatoa 641. Hatua kumi na moja.

Kwa namba ya Jevons, kipeuo cha pili cha 89,681 ni karibu 300, kwa hiyo tarajia hatua mia chache. Kwa namba ya Mersenne, karibu 14,000: kazi ya chini ya sekunde kwa simu ya kawaida. Cole alisema ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Udhaifu wake ni kwamba haikupi uthibitisho wowote wa utasa. Ukiipa namba tasa itazunguka tu bila kutoa kigawo. Kwa hiyo usiitumie kabla ya kuhakikisha kwamba namba si tasa. Pia mara chache kobe na sungura hukutana kwa vigawo vyote kwa wakati mmoja na KKS ikatoka N nzima. Hapo badilisha ile 1 unayoongeza, weka 3, uanze upya.

Njia ya p − 1

Hii nayo ni ya Pollard, ya mwaka 1974. Inategemea kanuni ndogo ya Fermat: kama p ni tasa na a haigawanyiki kwa p, basi a ikipandishwa kipeo cha p − 1 na kugawanywa kwa p hubakiza 1. Pandisha a kwa kipeo kimoja kikubwa kilichojengwa kwa vigawo vidogo vingi visivyozidi kikomo ulichochagua, toa 1, tafuta KKS na N. Kama p − 1 imeundwa kwa vigawo vidogo, p inanaswa.

Kwa namba ya Jevons, 89,680 = 2⁴ × 5 × 19 × 59. Hakuna kigawo kinachozidi 59. Njia hii ingeivunja kwa kikomo cha 59 tu. Kumbe Jevons alikuwa ameacha milango miwili wazi, si mmoja. Kwa namba ya Mersenne, 193,707,720 = 2³ × 3³ × 5 × 67 × 2,677, kwa hiyo kikomo cha 2,677 kinatosha. Kwa namba ya Fermat, 640 = 2⁷ × 5, na kikomo ni 128 kwa sababu ya ile 2⁷.

Tahadhari moja: kwa namba ya Fermat na ya Mersenne usitumie a = 2. Zimejengwa kwa 2, na vigawo vyote viwili vinanaswa pamoja, KKS ikawa N yenyewe. Anza na 3.

Ni njia ya bahati. Ikikubali inakubali vizuri ajabu, hata kwa vigawo virefu; ikikataa haikuachii chochote.

Zikiwekwa pamoja, hesabu za rho kwa Jevons na Mersenne zikiwa za kukadiria:

| | Jevons | Fermat | Mersenne |
|---|---|---|---|
| Kugawa kwa namba tasa | zaidi ya 8,600 | 116 | zaidi ya milioni 10 |
| Tofauti ya miraba, bila kuchuja | 56 | 3,284,993 | zaidi ya bilioni 368 |
| Rho, hatua | karibu 300 | 11 | karibu 14,000 |
| p − 1, kikomo | 59 | 128 | 2,677 |

Soma safu ya Jevons, kisha ya Fermat. Zote zina tarakimu kumi.

Kama unataka tu kujua ni tasa au la

Hapa uchaguzi ni mwepesi zaidi. Kipimo cha zamani ni kanuni ndogo ya Fermat yenyewe: pandisha msingi a kwa kipeo N − 1 na uangalie baki. Kama si 1, N si tasa, na jambo limekwisha. Kupandisha huko hakuna ugumu kwa sababu unazidisha kwa yenyewe kila mara. Kwa 2³² + 1, kipeo N − 1 ni 2³², na unahitaji kuzidisha mara 32 tu.

Tatizo ni pale baki linapokuwa 1. Namba ya Fermat kwa msingi 2 inabaki 1, ingawa si tasa. Namba ya Mersenne vilevile. Zote mbili zinamdanganya anayetumia 2. Kwa msingi 3 namba ya Fermat inabaki 3,029,026,160, na uongo unafichuka. Namba ya Jevons haidanganyi hata kidogo. Inakamatwa kwa msingi 2. Lakini kuna namba kama 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, zinazopita kipimo hiki kwa kila msingi usioshirikiana nazo kigawo. Huitwa namba za Carmichael, na mwaka 1994 ilichapishwa ithibati kwamba hazina mwisho. Kwa hiyo sikushauri kipimo hiki kikiwa peke yake.

Tumia Miller–Rabin. Kinafanya kazi ileile kwa hatua zilezile, ila kinaangalia pia mabaki ya njiani na si la mwisho pekee. Namba isiyo tasa haiwezi kukidanganya kwa zaidi ya robo ya misingi. Ukichagua misingi 20 kwa kubahatisha, nafasi ya kudanganywa ni chini ya moja katika trilioni. Na kwa namba yenye tarakimu 23 au pungufu hakuna kubahatisha kabisa: jaribu misingi 12, yaani namba tasa kuanzia 2 hadi 37, na jibu ni la uhakika. Namba zetu zote tatu zimo humo.

Namba yenye umbo maalumu ina kipimo chake. Kwa 2⁶⁷ − 1 kuna kipimo cha Lucas na Lehmer: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki, rudia mara 65. Ikiisha kwa 0 ni tasa, vinginevyo si tasa. Kipimo hicho ndicho kinachotumika kuthibitisha namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, na iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa India walitoa kipimo kisichotegemea bahati wala dhana yoyote, kwa namba ya umbo lolote na kwa muda usiolipuka namba inaporefuka. Ni ushindi mkubwa wa nadharia. Kwa kazi ya kila siku ni cha polepole, na sijaona sababu ya kukichagua mbele ya Miller–Rabin.

Sifa nyingine hujibika hata bila haya yote. Namba ya Jevons ikigawanywa kwa 4 inabaki 3, kwa hiyo haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili. Namba ya Fermat ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili kwa namna mbili tofauti, hivyo mistari hiyo miwili pekee inatosha kuonyesha kwamba si tasa. Euler ndiye aliyeigundua namna ya pili. Na kama una subira: 65,536 − 62,264 = 3,272, na KKS yake na 20,449 − 1 = 20,448 ni 8; 65,536 + 62,264 = 127,800, na KKS yake na 20,449 + 1 = 20,450 ni 50. Chukua nusu zake, 4 na 25. Jumla ya miraba yake ni 16 + 625 = 641.

Ningechagua hivi

Namba mpya ikija mkononi, bila kujua chochote kuihusu, ningeanza kwa kugawanya kwa namba tasa hadi elfu chache, kisha Miller–Rabin. Ikiwa tasa, naacha hapo. Ikiwa si tasa na ina tarakimu 20 hivi, rho. Kigawo chake kidogo hakitazidi tarakimu kumi, na kipeuo cha pili cha tarakimu kumi ni hatua laki moja. Kabla ya rho ningeipa tofauti ya miraba majaribio mia moja, kwa sababu hayagharimu kitu na namba zilizotungwa na watu mara nyingi zina vigawo vinavyokaribiana. Kwa kalamu tupu, ningeanza na hiyo tofauti ya miraba pamoja na kuchuja kwa mabaki.

Namba ikizidi tarakimu 30, jaribu p − 1 kwa kikomo cha milioni moja, kisha njia ya mikunjo duaradufu ya Hendrik Lenstra, ambayo ni kama p − 1 inayoruhusiwa kujaribu bahati tena na tena. Zaidi ya hapo kuna njia za chujio, na hizo sikushauri uziandike mwenyewe; tumia programu zilizopo.

Na ikiwa namba yako imetungwa na mtu anayezijua njia hizi, usitumaini njia ya mkato. Mwaka 2020 RSA-250, mojawapo ya namba za changamoto za RSA, yenye tarakimu 250, ilivunjwa kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi. RSA-2048, yenye tarakimu 617, haijavunjwa. Wanaotunga namba za aina hiyo huhakikisha kwamba vigawo viwili ni vikubwa vyote, ili kugawanya kwa majaribio na rho visifike, na kwamba havikaribiani, ili tofauti ya miraba ipotee njia. Jevons alizichagua zake miaka 101 kabla ya rho. Lakini tofauti ya miraba ilikuwa imeshajulikana tangu karne ya 17, na a aliyepaswa kuificha ilikuwa 92,880, hatua 56 tu juu ya kipeuo cha pili.